Mikoko: Rasilmali ya Pwani Isiyoandikwa Daftarini

Katika hisabu za wafanyabiashara wa zamani wa Lamu, Mombasa na Unguja, mti wa mkoko haukuwa na thamani mpaka siku ulipolazwa chini. Ulipokuwa umesimama matopeni, mizizi yake imezama katika maji ya chumvi na samaki wachanga wakijificha humo, hakuna karani aliyeutilia kalamu. Lakini ulipokatwa, ukapogolewa matawi, ukapakiwa mashuani na kufikishwa forodhani, ndipo ulipoingia daftarini pamoja na wenziwe, korija kwa korija, yaani ishirini ishirini, kwa bei iliyopanda na kushuka kadiri ya unene wa gogo. Hisabu ile ilikuwa sahihi kwa kila alichokiandika karani, na ilikuwa na upungufu mkubwa kwa yale asiyoyaandika. Upungufu huo ndio uliotufikisha tulipo leo, ambapo misitu ya mikoko ya Afrika Mashariki inadaiwa boriti, kuni, mashamba ya mpunga, nafasi za bandari na hata hewa safi ya mataifa ya mbali, ilhali ni wachache waliokaa kitako kuuliza msitu wenyewe umebakiwa na nini.

Wahenga waliosema kwamba mali bila daftari huisha bila habari walijua kuwa mwenye duka asiyetenga rasilmali na faida hula duka lake lote huku akijiona anatajirika. Msitu wa mikoko nao una mambo hayo mawili: rasilmali yake ni miti iliyosimama, tope lililoishikilia na maji yanayoingia na kutoka, faida yake ni samaki, kaa, kamba, chaza, boriti za kiasi zinazoweza kukatwa bila kuudhoofisha, na usalama wa fukwe zisizomomonyoka. Ninalotaka kulisema katika makala haya ni kwamba mikoko yetu haitaokolewa na marufuku wala na mahubiri peke yake, bali itaokolewa pale ambapo jirani yake, yaani mvuvi, mjenzi na mama anayekaanga samaki, ana haki inayotambulikana juu yake, anaiona faida yake kwa macho, na ana kuni na miti mingine ya kutumia badala yake.

Miti iliyovuka bahari

Biashara ya mikoko ni ya kale mno. Mwanajiografia Al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10 ya Miladi, alieleza kwamba majumba ya Siraf, bandari iliyokuwa na utajiri mkubwa katika upande wa Uajemi wa Ghuba, yalijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki, na wanazuoni wa historia ya bahari hii huona kuwa miti hiyo ya Zanji aghalabu ilikuwa mikoko. Sababu yake si ngumu kufahamika: nchi za Ghuba zina mawe, udongo na mitende, lakini hazina misitu ya kutoa miti mirefu, migumu na iliyonyooka ya kubebea dari, hali pwani yetu ilikuwa nayo tele, na pepo za msimu zilikuwa zikiyaleta majahazi kwa kaskazi na kuyarudisha kwa kusi bila gharama ya makaa wala mafuta. Tijara hiyo iliendelea kwa muda wa miaka elfu moja pasipo kubadilika sana. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri kati ya mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, na katika kitabu chake Sons of Sinbad, kilichotolewa mwaka 1940, alisimulia jinsi mabaharia hao walivyoingia katika delta ya Rufiji, wakavumilia joto, tope na mbu, ili wapakie boriti za kurudi nazo kwao.

Huku kwetu nako mkoko ndio uliopima upana wa maisha ya watu. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kama mita 2.5 au 3 hivi, kwa kuwa dari ya mawe na chokaa hulalia boriti, na boriti haivuki umbali mkubwa zaidi ya huo bila kupinda. Mafundi na wakataji wakaipa miti hiyo majina kwa unene wake, kuanzia fito, ikifuatiwa na pau, kisha mazio, kisha boriti yenyewe ambayo shina lake lina kipenyo cha sentimita 11 hadi 14 hivi, halafu nguzo, mpaka kufikia banaa, gogo nene kuliko yote. Na chokaa iliyoyashika mawe hayo ilipatikana kwa moto wa kuni: magogo hupangwa kwa duara, mawe ya matumbawe yakarundikwa juu yake, moto ukatiwa, na baada ya moto huo mkali kwisha kazi mawe yakawa meupe na mepesi, tayari kumwagiwa maji yafumuke kuwa unga. Sehemu ya kuni hizo ilitoka mikokoni, kwa sababu kuni ya mkoko hutoa joto jingi na hudumu motoni. Hivyo nyumba moja ya mawe iliweza kuula msitu mara mbili, kwanza kwa dari yake na tena kwa kuta zake, na biashara, nishati na makazi vikakutana katika mti mmoja karne nyingi kabla ya watu kuanza kuyaitia mikutano mambo hayo.

Kazi ya mti uliosimama

Sasa na tuutazame ukurasa ambao karani hakuujaza. Kenya ina hekta zipatazo 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu ya hizo ziko Lamu. Tanzania Bara ina zaidi ya hekta 100,000, na delta ya Rufiji peke yake ina takriban 53,000, kiasi ambacho hakuna delta nyingine ya Afrika Mashariki inayokifikia. Wala si miti ya namna moja. Mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, aghalabu husimama mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe, uliojitegemeza kwa mizizi inayopinda kutoka shinani. Katikati muia na mkandaa. Na karibu na nchi kavu, panapofikiwa na maji makubwa ya bamvua tu, mchu, unaochomoza matopeni vijiti vya mizizi ili upate kupumua. Kila mmoja una mahali pake, na kila mmoja una manufaa yake kwa binadamu: mlilana na mkomafi kwa mafundi wa vyombo, mkandaa kwa fito na kwa gome la kutia rangi na kutengenezea ngozi, mkoko kwa boriti, na mchu kwa kuni.

Anayetaka kuiona hekima ya maumbile kwa karibu na autazame mkoko wakati wa kuzaa. Mbegu yake haianguki ikangoja kuota ardhini, bali huota ingali juu ya mti, ikatoa mche wa kijani ulionyooka, wenye urefu wa kama dhiraa moja, mzito na uliochongoka kwa chini, ukaning'inia hata ukomae, kisha ukajiachia. Maji yakiwa yamekupwa, huenda ukachoma tope papo hapo ukasimama. Yakiwa yamejaa, huelea na kuchukuliwa na mkondo, pengine kwa siku nyingi, mpaka upate mahali penye tope laini na maji ya kadiri. Ndiyo maana kuupanda huonekana kuwa jambo jepesi, kwani mtu huushika mche akauchomeka kwa mkono, na ndiyo maana vilevile miche mingi iliyopandwa kwa haraka hufa, kwa kuwa huchomekwa mkoko mahali pa mlilana, au mahali ambapo mawimbi na mchanga havijapata kuruhusu msitu, na bahari ikaiondoa kazi yote katika muda wa miezi michache. Kupanda ni elimu, na sehemu kubwa ya elimu hiyo iko kwa wazee wa vijiji wanaojua tope lipi lilikuwa na mti gani.

Katikati ya mizizi hiyo ndimo wanamolelewa kamba, kaa koko na samaki wa namna nyingi kabla ya kutoka kwenda miambani na kwenye maji makuu. Ndimo akina mama wanamookota tondo na chaza. Na ndimo mawimbi yanamovunjika nguvu kabla ya kuifikia minazi na nyumba za watu. Tope lenyewe nalo ni hazina. Majani na mizizi inayokufa huzama mahali pasipo na hewa ya kutosha kuiozesha, ikarundikana karne baada ya karne, na utafiti uliotolewa mwaka 2011 kuhusu mikoko ya kanda za Bahari ya Hindi na Pasifiki ulikuta wastani wa zaidi ya tani 1,000 za kaboni katika kila hekta, sehemu kubwa yake ikiwa ardhini, kiasi kinachoizidi mara kadhaa misitu ya nchi kavu ya ukanda wa joto. Msitu ukifyekwa, hazina hiyo haibaki salama: tope likifunuliwa na kupata hewa, kaboni yake hugeuka hewa ukaa ikapanda angani, na aliyekata anakuwa ametumia kwa muda mfupi akiba iliyowekwa kwa mamia ya miaka.

Lakini mwenye haja ya kila siku na msitu huo si tajiri wa meli. Katika vijiji vya uvuvi vya pwani ya Kenya yupo mwanamke ambaye watu humwita mama karanga, kwa kuwa kazi yake ni kununua samaki kwa wavuvi, kuwakaanga, na kuwauza kwa majirani wasiomudu samaki mkubwa wa kupelekwa hotelini. Hungoja mashua ufukweni. Akipata fungu lake huwapaa samaki magamba, huwatumbua, huwatia chumvi, huinjika karai la mafuta juu ya mafiga, na moto wake sharti uwe mkali na wa kudumu, maana mafuta yakipoa samaki huyanywa na kumeng'enyuka karaini. Akichochea kwa kuni za mkoko, anachoma makao ya samaki atakaowahitaji miaka ijayo. Asipozichochea, naye hana kuni nyingine, biashara yake ya leo imelala na watoto wake wamelala nayo njaa. Mafundisho yote kuhusu mazingira hupimwa mbele ya karai hilo, na fundisho lisilo na jibu kwa mama huyo halifai kupelekwa kwa mtu mwingine yeyote.

Amri na mipaka yake

Serikali hazikukosa kuamuru. Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani uliitia mikoko ya Rufiji chini ya usimamizi wake wa misitu, ukitazamia mapato ya miti na magome. Mwaka 1932 Waingereza waliitangaza mikoko yote ya Kenya kuwa msitu wa serikali. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku boriti kupelekwa ng'ambo. Mwaka 1997 ukatolewa uamuzi wa kukataza ukataji hata kwa soko la ndani. Na Februari 2018 usitishaji wa ukataji katika misitu ya umma na ya jamii uliwafikia wakataji wa Lamu, watu ambao wengi wao walirithi kazi hiyo kwa baba na babu zao na hawakuwa na nyingine ya kushika siku ya pili yake.

Sizidharau amri hizo, kwa maana bila ya baadhi yake huenda pwani ingekuwa tupu zaidi kuliko ilivyo. Hata hivyo amri ina mipaka. Mpaka wake wa kwanza ni kwamba huufanya msitu kuwa mali ya mtu wa mbali, na jirani aliyeulinda kwa desturi, akijua miti ipi ikatwe na ipi iachwe, hujikuta mgeni mlangoni pake, asione sababu ya kumripoti mwizi anayeiba kitu ambacho si chake. Mpaka wa pili ni kwamba amri haiizimi haja: nyumba hujengwa, vyombo hutengenezwa, chakula hupikwa, na njia ya halali ikifungwa, njia ya usiku hufunguka, bei ikapanda, na mkataji asiye na leseni, akiharakisha asikamatwe, huichagua miti iliyonyooka ya unene wa boriti, ambayo ndiyo iuzikayo upesi, akaiacha iliyopinda. Msitu uliochaguliwa hivyo kwa miaka mingi huonekana wa kijani na mzima kwa anayeutazama kutoka baharini, kumbe ndani yake hamna tena mti wa kumfaa fundi.

Huko Rufiji mgogoro ulichukua sura nyingine. Mto ulipougeuzia mkondo wake mkuu upande wa kaskazini wa delta katika miaka ya 1970, maji matamu yaliingia palipokuwa na chumvi, na wakulima wakafyeka mikoko wakapanda mpunga. Mashamba hayo huzaa vizuri kwa miaka michache, kisha magugu na kaa huyashinda nguvu, na mkulima husogea mbele na shoka lake. Maafisa wa misitu na wakulima hao wamezozana kwa muda mrefu, huyu akishika sheria na yule akishika njaa, na msitu haukupata nafuu kwa ushindi wa yeyote kati yao.

Gazi: kijiji kilichofungua daftari

Katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, mambo yamefanywa kwa namna inayostahili kuangaliwa kwa makini. Katika miaka ya 1970 sehemu za mikoko ya ghuba hiyo zilikatwa kwa ajili ya kuni za viwanda, na zilipokwisha kukatwa hazikurudi zenyewe, bali ardhi ilibaki tupu mbele ya macho ya watu waliokuwa wakivua hapo tangu utoto wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti, akiwamo James Kairo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji, kila aina mahali panapoifaa. Akina mama wa Gazi wakajipatia daraja la mbao linalopita juu ya tope katikati ya miti, wageni wakawa wanalipa kiingilio kulipita, na kwa mara ya kwanza msitu uliosimama ukatia fedha katika mifuko ya jirani zake. Kisha, mwaka 2013, jamii za Gazi na Makongeni zilizindua mpango wa Mikoko Pamoja, ambao ulikuwa miongoni mwa mipango ya kwanza kabisa duniani, inayoendeshwa na jamii, kuuza hewa ukaa iliyozuiwa na mikoko.

Utaratibu wake ni huu. Hekta 117 za msitu zimewekwa chini ya mapatano kati ya jamii na shirika la serikali la misitu, na wanajamii wamejifunga kuulinda usikatwe na kupanda penye upungufu. Kwa vipindi maalumu hupimwa miti ya viwanja vya mfano, na kwa kuwa mkoko umejiinua juu ya mizizi yake, unene wake hauchukuliwi kwenye usawa wa kifua kama wa miti mingine, bali juu ya mzizi wa mwisho unaotoka shinani, kazi inayomtaka mpimaji asimame matopeni mpaka magotini, kamba ya kupimia mkononi, akitaja hesabu kwa mwenzake mwenye kalamu. Kutokana na vipimo hivyo hukadiriwa hewa ukaa iliyozuiwa kupanda angani, karibu tani 3,000 kwa mwaka, ikathibitishwa kwa kanuni za Plan Vivo na kuuzwa kwa wanunuzi wa ng'ambo. Mapato yake ni maelfu ya dola kwa mwaka, si mamilioni, lakini hutumiwa kwa mashauri ya wanakijiji wenyewe, na yamewaletea maji safi karibu na nyumba zao na vitabu kwa watoto wa shule. Mwaka 2017 mpango huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na majirani wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, wakaufuata mfano huo kwa msitu wao wa hekta zipatazo 460.

Jambo ninaloliona kuwa na hekima kuliko yote katika mpango wa Gazi, hata hivyo, si fedha za kaboni, bali ni mvinje. Walioupanga walijua kwamba msitu ukifungwa, mjenzi atatafuta mti na mpishi atatafuta kuni mahali pengine, na pengine hapo huenda pakawa mikoko ya kijiji cha jirani. Kwa hiyo wakaingiza katika mpango wao upandaji wa mvinje nchi kavu, mti unaostawi katika mchanga na ambao katika miaka mitano hivi hutoa miti ya kujengea na matawi ya kuni. Mwenye kumnyima mtu kuni bila ya kumwonyesha kuni nyingine amemfundisha kuiba. Na mwenye kupanda mvinje kando ya mkoko amemwondolea jirani yake dhambi hiyo pamoja na sababu yake.

Hadhari juu ya soko jipya

Pamoja na sifa hizo, yatupasa kuitazama biashara ya kaboni kwa macho yaliyo wazi, kwa sababu pwani hii imekwisha kuwa na soko moja la mikoko ambalo bei yake ilipangwa ng'ambo, na tunajua lilivyotuacha. Mnunuzi wa mbali anayelipia tani moja ya Gazi ili aendelee kutoa moshi wake bila kuupunguza hakuiponya dunia, bali ameuhamishia msitu wa maskini mzigo wa tajiri. Na bahari, ambayo hupanda kwa joto la moshi wa wote, haitauliza risiti kabla ya kuifunika mikoko hiyo hiyo iliyouzwa. Tena bei ya kaboni hubadilika kwa sababu zisizohusiana kabisa na bidii ya wapandaji, na kijiji kilichoyategemeza maji yake na shule yake juu ya bei hiyo pekee kimejenga juu ya mchanga.

Dawa ya hatari hizo ni haki na uwazi. Kenya ilirekebisha sheria yake ya mabadiliko ya tabianchi mwaka 2023, ikaagiza kwamba miradi ya kaboni inayotegemea ardhi iipe jamii kwa uchache asilimia 40 ya mapato kila mwaka. Hilo ni jambo jema, lakini asilimia ni herufi tu mpaka mwanakijiji aweze kuuliza ni asilimia 40 ya kiasi gani, na kujibiwa hadharani kwa lugha anayoifahamu. Palipo na mkataba ambao wanaofungwa nao hawausomi, pana korija mpya kwa jina jingine.

Hisabu iliyo kubwa kuliko kijiji

Iko pia mikono ambayo kijiji hakiwezi kuizuia. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa, ukaifunika mizizi ya kupumulia na kuua mikoko mingi, na hivyo ardhi iliyoachwa bila kinga huko bara iliangusha msitu wa bahari bila shoka. Huko Lamu, ujenzi wa bandari mpya ulichimbua na kuchafua maji ya uvuvi na kuathiri mikoko, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Mwaka uliofuata, baraza la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta kibali cha kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokusudiwa kujengwa katika kaunti hiyo hiyo, kwa kuona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu hizo mbili zilikuwa na maana kubwa kupita fedha na megawati, kwani ziliandika kwa wino wa sheria kwamba uvuvi na msitu wa watu wadogo ni mali, na kwamba anayeiharibu mali hulipa, na anayetaka kuigusa huomba ruhusa.

Mtihani mkubwa zaidi uko Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022 na likaanza kutoa umeme mwaka 2024, na hakuna mwananchi wa Tanzania mwenye kuyajua mateso ya giza asiyeufurahia umeme huo, ambao ukifika jikoni kwa bei nafuu unaweza kuipunguzia misitu yote ya nchi mzigo wa kuni na makaa. Lakini delta ni mtoto wa mto: tope lake huletwa na mafuriko, na uwiano wa maji matamu na ya chumvi hulindwa na mtiririko wake, na bwawa lolote duniani huzuia sehemu ya tope na kuyabadili majira ya maji. Sisemi hivyo ili kulilaumu bwawa. Nasema kwamba delta iandikwe katika hisabu ya umeme tangu sasa, maji yaachiwe kwa majira yanayoifaa, na hali ya tope na miti ipimwe mwaka hadi mwaka na kutangazwa, ili gharama, ikiwapo, ijulikane mapema na ibebwe na wote wanaowasha taa, wasiachiwe wavua kamba wa Rufiji kuibeba peke yao.

Wajibu wa kila mmoja

Kutokana na hayo yote, wajibu haufichiki. Mjenzi wa hoteli au nyumba ya kupangisha anayetaka uzuri wa boriti na aulize imekatwa wapi na kwa leseni ya nani, na mvinje unapofaa autumie huo. Wenye fedha za mikopo midogo na wenye elimu ya majiko wamtangulize mama karanga, kwa sababu jiko linalotumia nusu ya kuni huokoa miti mingi kila mwaka bila hotuba hata moja. Wakataji halali wa Lamu, ambao wanaujua msitu kuliko afisa yeyote, wapewe maeneo ya kukata kwa zamu na kuyaacha yapumzike, wakiwa na sauti katika kupanga kiasi, wala wasifungiwe leo na kufunguliwa kesho kwa tangazo la ghafula. Na serikali za kaunti na za wilaya zinazopakana na mikoko ziandike kila mwaka hisabu moja nyepesi kusomeka: hekta ngapi zilikuwapo, ngapi zimekatwa kwa leseni, ngapi zimeibwa, ngapi zimepandwa na ngapi katika hizo zimeishi, fedha kiasi gani zimepatikana na nani amezipokea.

Hisabu hiyo isifungiwe makabatini. Isomwe barazani, mbele ya wavuvi, wakataji, mafundi wa vyombo na akina mama, kwa Kiswahili, na kila mmoja awe na ruhusa ya kusimama na kusema kwamba tarakimu fulani si kweli, maana yeye alikuwa huko na aliona. Jamii inayoweza kufanya hivyo itaweza kukata boriti zake bila hofu, kula samaki wake bila hatia, na kuuza hewa yake bila kudanganywa, kwa kuwa kila mwaka itakuwa inajua kwa hakika kwamba imekula faida tu, na kwamba rasilmali waliyoikuta wataiacha kama walivyoikuta, au kubwa zaidi.